Mlinzi Aliyeogopa Chipu ya Mbwa

Saa nne asubuhi, Masaka. Léonce anafungua geti kwa mkono mmoja. Wa pili haubanduki kwenye kola ya Bobi, mbwa mwekundu mwenye sikio lililochanika. Anamtazama mwandishi juu mpaka chini, kisha anadai kitambulisho.

"Usikasirike," anasema. "Hata miye walinishuku."

Léonce, aliyekulia Bujumbura, analinda nyumba hii mwaka wa sita sasa. Mambo yaliharibika siku mwajiri wake, Mukasine, alipomwita daktari wa mifugo amchome Bobi sindano ya chipu kati ya mabega. Chipu yenyewe ni ndogo kama punje ya mchele, na Bobi hakulia. Aliyeogopa ni mlinzi.

"Nilijua hiyo kitu iko ya kunichunga miye," anasema. "Mbwa akitoka, na miye nimetoka. Mabuja ataona yote kwa simu." Mabuja ndiye Mukasine, bosi wake.

Hakuuliza mtu. Alikuwa amezoea kwenda na Bobi kununua maziwa. Sasa akawa anamfunga getini na kwenda peke yake, ili chipu iseme mlinzi yupo kazini. Asubuhi moja alirudi na maziwa akakuta kamba tupu.

Mukasine naye akaamini kikulacho ki nguoni mwako. "Nilimwambia, Léonce, umemuuza. Bobi hamfuati mtu asiyemjua," anakiri. Akampa hadi Jumamosi: alete mbwa au arudishe funguo. Kazi hiyo ya faranga elfu sitini kwa mwezi ndiyo inayowalisha mke wa Léonce na watoto wao huko Kimisagara.

"Nikamwambia, mabuja, si uangalie kwa simu iko wapi? Akaniangalia kama kichaa."

Chipu haionyeshi mbwa alipo. Haina betri wala haisikilizi mtu. Ina namba tu, inayosomwa kwa mashine ikisogezwa karibu na ngozi, na namba hiyo ndiyo iliyomwokoa mlinzi. Ijumaa, mwanamume mmoja alimpeleka Bobi kliniki huko Muhima akachanjwe, ili amuuze kwa bei nzuri. Daktari akapitisha mashine mabegani, akaitafuta namba kwenye kumbukumbu za mbwa waliosajiliwa, akapata jina la Mukasine, akapiga simu. Mwizi alikiri kwamba alimshawishi mbwa kwa kipande cha nyama.

Mukasine ameomba radhi. Léonce amepokea, ingawa bado anaitupia jicho simu ya bosi kila inapolia.

Ana ombi moja sasa: namba yake ya simu iandikwe kwenye kumbukumbu za Bobi, chini ya ile ya mwajiri. Mukasine anasema atafikiria, maana walinzi leo wapo, kesho hawapo.

Léonce anamkuna mbwa sikio lile lililochanika.

"Mabuja wakimpigia, iko ofisini, atasema atakuja jioni," anasema. "Wanipigie miye. Nitakuja na miguu, lakini nitakuja sasa hivi."