Kadi ya Jaa, na mgeni aliyekuwa akianza yeye kila Jumapili

Wakuu, salamu kwenu nyote, wa pwani na wa bara.

Ninayoleta leo yamenikuta mwenyewe hapa Ukunda na sijayatia chumvi. Majina tu ndiyo nimebadilisha, maana wenyewe bado nakula nao.

Niseme mapema kwamba mimi ni mwanamke mwenye wivu. Anayetaka kunihubiria asubiri nimalize.

Mume wangu Juma ni mpishi katika hoteli moja ya Diani. Mtalii mmoja alipokuwa anarudi kwao alimwachia sanduku la gemu ya kadi. Si karata hizi za kawaida. Kila mchezaji anaanza na fungu dogo la kadi dhaifu, sawa kwa wote. Katikati kuna soko la kadi bora. Unanunua moja moja, zinaingia kwenye fungu lako, unalichanganya, unazivuta tena. Mwenye kujenga fungu zuri ndiye anayeshinda.

Kadi zilikuwa za Kiingereza, tukazibandika majina yetu. Na kwa vile hewa ya bahari inazivimbisha, mimi ndiye niliyezitafutia mkebe nikautia mchele mkavu chini. Hilo nataka mlijue. Gemu ile niliilea.

Basi tukawa tunacheza, mimi na Juma, Jumapili baada ya chakula cha mchana. Mama mkwe, Bi Mishi, anakaa nasi pale pale kwenye mkeka akisuka ukili. Raha tupu.

Kisha Juma akamleta Mumbua.

Wanafanya kazi jiko moja, yeye ni wa upande wa keki. Mkamba, bado msichana, ana adabu zake, kwa hilo simsingizii. Aliingia na shikamoo kwa mama mkwe na sahani ya keki iliyofunikwa kitambaa. Juma hakubakisha hata makombo. Mahamri yangu yalipoa pale pale.

Tulipotandaza kadi, Bi Mishi akasema, "Mgeni ndiye aanze, kama ilivyo kwa chakula."

Nani atabishana na mama mkwe? Ikawa ndiyo sheria ya nyumba.

Mumbua akanunua kadi tuliyoipa jina la Jaa, yaani jalala. Soko letu hupangwa vilevile kila mara, na Jaa iko moja tu. Ukiicheza, unatupa kadi yako moja, na haikurudii tena mpaka gemu iishe. Haikuletei cha kununulia sokoni, haikupi pointi.

Nilicheka moyoni. Mtu anatoa chake ili apoteze chake? Nikasema mwache anunue taka.

Akashinda. Jumapili iliyofuata akaichukua tena Jaa, akashinda tena.

Juma naye akaanza kumsifu. "Hebu mtazame Mumbua anavyofikiri." Wakuu, mimi nimeishi na mtu huyu tangu hajui kukaanga yai, na hajawahi kunitazama ninavyofikiri. Roho iliniuma mpaka nikawa natafuta kazi ya kufanya jikoni nisimwone akitabasamu.

Sikumtukana. Mimi nilimkaribisha. "Mgeni, karibu chai. Mgeni, usikae chini, njoo kwenye kiti." Sisi mkekani, yeye kitini peke yake. Mtu wa nje akisikia atasema adabu iliyoje, lakini mimi nilikuwa namwonyesha mpaka wake uko wapi.

Basi ukaja mwaliko kutoka Msambweni. Kuna watu kule wanaocheza gemu za namna hii, wanakutana siku ya pili ya Idd, wanacheza wawili wawili. Nilidhani Juma atasema anakwenda na mke wake. Akasema, "Jumapili mcheze nyinyi wawili. Atakayeshinda ndiye nitakwenda naye."

Nikaitikia, "Haya." Lakini mchana ule nilimshonea mteja gauni, mkono mmoja nikaushona ndani nje.

Wiki ile yote, kila nikiinuka kwenye cherehani nilikuwa naufungua mkebe. Nacheza peke yangu, pande zote mbili, upande mmoja na Jaa, mwingine bila Jaa.

Ndipo nikaielewa. Zile kadi dhaifu tunazoanza nazo zinaziba njia. Ukizitupa, kadi zako nzuri zinakuja mkononi haraka. Lakini lazima uzitupe mapema. Jaa ukiipata gemu inakaribia kwisha ni mzigo tu, unaivuta badala ya kitu cha maana. Kwa hiyo thamani yake yote iko mwanzoni, kwa mtu anayeanza.

Na anayeanza ni mgeni.

Na nani ndani ya nyumba ile aliyekuwa akimwita mgeni asubuhi na jioni? Mimi mwenyewe. Nilikuwa nampa Jaa kwa mkono wangu, na chai juu.

Jumapili ikafika. Mumbua akaenda moja kwa moja kwenye kiti chake. Bi Mishi akafungua mdomo, "Mgeni ndiye..."

Nikamkatiza. "Samahani mama. Mumbua si mgeni tena hapa kwetu. Leo tuvute kadi tuone nani aanze."

Nililisema kwa sauti tamu, na jicho langu liko kwenye Jaa.

Mumbua akaweka sahani chini. "Dada, unasema kweli?"

"Kweli."

Akaniambia, "Mimi nimezaliwa Shimba Hills. Babu yangu ndiye aliyetoka Ukambani. Shuleni niliitwa mgeni, kazini naitwa mgeni. Hakuna mtu aliyewahi kuniambia basi, yatosha."

Akashuka kwenye kiti akakaa mkekani. Bi Mishi akamsogezea mto wake. "Tungelisema zamani, mwanangu."

Sikuwa na pa kuweka macho.

Mnadhani nilimwachia Jaa kwa aibu? Tulivuta kadi, yangu ikawa kubwa, nikaichukua Jaa mzunguko wa kwanza. Nikashinda. Juma akaniuliza, "Mama Zuena, haya umeyajua lini?" Swali hilo lilinishibisha wiki nzima. Msambweni nilikwenda mimi.

Nilichojifunza ni kwamba kadi huipimi kwa maandishi yake. Unaipima kwa wakati inapokujia, na kwa kadi inazokusaidia kuzitoa. Nilidhani neno "mgeni" halinigharimu kitu, kumbe lilikuwa linaziba fungu langu lote. Sasa nimelitupa, na neno la kumrudisha yule binti kwenye kiti sina.

Wivu bado ninao, nisiwadanganye. Wenye uzoefu wa gemu hizi niambieni kama mngeichukua Jaa hata mkiwa wa pili. Na wenye ndugu wasiobisha hodi, nipeni mbinu za kuishi nao.

Msichelewe. Ninavyoandika hapa nasikia kifuniko cha sufuria yangu ya mbaazi kinafunuliwa jikoni, na sauti inaniuliza, "Dada, hii chumvi umetia?"