Mjerumani na Kiti cha Kulia

Kwa muda wa miezi minne hivi gari langu lilijadiliwa pale kijiweni Mwanga kana kwamba ni mgonjwa ambaye ndugu zake hawajakubaliana wampeleke hospitali gani. Kijiwe chenyewe ni mabenchi mawili ya mbao ubavuni mwa duka la spea. Hapo husubiri zamu zao madereva wa teksi na wa michomoko, yale magari madogo ya Kijapani yanayobeba abiria kwenda Mwandiga na kupanda hadi Manyovu mpakani. Mimi si dereva wa kulipwa. Nilisoma kemia chuo kikuu, na kazi yangu ni kupima maji ya ziwa katika ofisi moja iliyoko Bangwe. Pale kijiweni waliniita Msomi, jina lililokuwa nusu heshima na nusu kejeli, nami nilifika karibu kila jioni kwa sababu nyumbani hapakuwa na mtu wa kuniita jina lolote.

Gari lilikuwa la Kijerumani, dogo, la kijivu, lenye mlango wa nyuma unaonyanyuka pamoja na kioo chake. Ukiliona limesimama ungedhani ni la mtu anayekwenda sokoni kununua nyanya. Ukikanyaga mafuta ndipo unajua lilitengenezwa kwa ajili ya mwendo. Wao walilifupisha likawa Mjerumani tu. Nililinunua Bujumbura, ambako magari hushika upande wa kulia, kwa hiyo usukani wake ulikuwa kushoto.

Jambo hilo la usukani linahitaji maelezo, maana ndilo kiini cha yote. Sisi hushika kushoto. Dereva aliyekaa kushoto yuko upande wa mtaro, na akiwa nyuma ya lori haoni kitu isipokuwa bodi la nyuma na mapipa ya mawese. Ili ajue kama njia ni nyeupe, ama alitoe gari zima katikati ya barabara kwa kubahatisha, ama awe na mtu kiti cha kulia wa kumwangalizia. Kwa miaka tisa mtu huyo alikuwa mke wangu. Alikuwa akiegemea dirisha kidogo, akitazama, kisha akiniambia nipite au nisipite, nami nikipita. Baadaye alihamishiwa Dodoma kikazi, na mwaka mmoja ulipotimia akanieleza kwa simu, kwa sauti tulivu ya mtu aliyekwisha kulia peke yake, kwamba hatarudi na nisimngoje. Pale kijiweni waliendelea kuniuliza shemeji hajambo huko kazini, nami niliendelea kujibu hajambo.

Kosa langu lilianza zamani kuliko hapo. Siku zile tukiyapita malori mlimani moja baada ya jingine, nilijisifu mbele ya madereva kwamba usukani wa kushoto si tatizo kwa mwenye akili, ni suala la hesabu na macho. Waliniamini. Kwa hiyo walipoanza kuniona nikiburuzika nyuma ya kila lori njia ya Manyovu, hawakuweza kuulaumu usukani. Nilikuwa nimekwisha kuuondoa katika orodha ya sababu. Likabaki gari.

Mpinzani mkubwa wa Mjerumani alikuwa dereva wa mchomoko, mkazi wa Buzebazeba, mwanaume wa umri wangu mwenye sauti iliyozoea kuita abiria. Hoja zake nilizijua kwa moyo: Mjapani ukimfunga waya anakufikisha, Mjerumani akikohoa unaagiza spea Dar na kungoja basi, Mjapani anakunywa mafuta kwa adabu, Mjerumani ana tumbo la chini, anainusa lami, ukikutana na jiwe mnaagana. Upande wa pili alikuwepo mzee mmoja wa Ujiji, dereva wa teksi asiyependa kupingwa, aliyewahi kuendesha lori la Kijerumani ujanani na ambaye tangu hapo aliyaona magari mengine yote kama vyombo vya plastiki. Yeye alishikilia kwamba thamani ya gari ni kule kutulia kwake kwenye kona, si bei ya spea zake. Walibishana hivyo jioni nzima, na wa Buzebazeba alipokosa hoja alinigeukia mimi.

"Msomi, jana nilikupita Mkigo nikiwa na abiria sita na kuku. Wewe uko peke yako nyuma ya lori la mawese, umetulia kama unasindikiza maiti. Hiyo turbo yako imekufa, iombee tu."

Kijiwe kilicheka. Mzee wa Ujiji alinitazama akingoja nimtetee Mjerumani wake. Sikumtetea.

Niliamua kuliuza. Mnunuzi alikuwa mfanyabiashara wa mawese kutoka Mwandiga, aliyekuwa na duka lake la pili ng'ambo ya mpaka, na kwake usukani wa kushoto ulikuwa faida. Alilipenda gari, ila alikuwa amesikia maneno ya kijiweni, na alitaka kijiwe kitoe kauli. Hiyo ndiyo desturi yao. Gari haliuzwi pale kabla halijapandishwa mlima wa Manyovu, muuzaji akiendesha na mmoja wa madereva wa siku nyingi akiwa pembeni yake. Huyo mkaguzi hatakiwi kutia neno njiani, hata salamu. Anasikiliza injini, anarudi, anasema sentensi moja mbele ya wote, na bei inafuata sentensi hiyo. Mnunuzi alimchagua mzee wa Ujiji.

Usiku wa kuamkia siku hiyo sikulala vizuri. Mambo yalikuwa mawili tu. Nikipanda mlima kama nilivyozoea, gari zima litahukumiwa kuwa bovu na nitaliuza kama chuma chakavu. La sivyo, niseme kwa nini siwezi kulipita lori, na kulisema hilo ni kusema kwamba nimeachwa. Naona haya kukiri kwamba kufikia alfajiri nilikuwa naelekea kukubali chuma chakavu.

Tuliondoka Jumapili asubuhi. Nilimwamkia mzee shikamoo, akaitikia kwa kichwa, maana ukaguzi ulikuwa umeanza. Tulipita Mwandiga, tukaanza kupanda, michikichi ikiwa pande zote mbili na ziwa likionekana kwa vipande kwenye kioo cha nyuma. Injini ilinguruma vizuri. Katika kona ya tatu tukalikuta lori, limejaa, linapanda kwa mwendo wa mtu mzee anayetoka msikitini. Nikakaa nyuma yake.

Tulikaa nyuma yake muda mrefu. Moshi uliingia. Nilijua kwamba mzee, pale alipokuwa, aliiona barabara yote hadi kona inayofuata, na kwamba desturi ilimfunga mdomo. Mara mbili alinigeukia kwa mshangao, kisha akatazama mbele tena. Nadhani angevumilia hadi Manyovu.

Nikasema, "Mzee, naomba uniangalizie. Sioni."

Nilisikia akisogea kitini.

"Zamani ulikuwa unaangaliziwa na nani?" akauliza mwishowe.

"Mke wangu."

"Anarudi lini?"

"Harudi, mzee."

Alishusha kioo, akatoa kichwa nje, kofia ameishika kwa mkono. Aliniambia ningoje kwanza, kuna mama na baiskeli; kisha akasema sasa. Nilikanyaga mafuta, nalo gari likaondoka kwa namna niliyokuwa nimeisahau, likalipita lori kabla sijamaliza kuvuta pumzi. Tulipita mengine mawili kwa namna hiyo hiyo. Mzee alicheka peke yake, kicheko kifupi cha furaha ya ufundi, halafu akakumbuka nilichomwambia, akavaa kofia yake, akaitazama barabara hadi tuliporudi Mwanga.

Kijiweni walikuwa wamejaa mabenchi yote mawili, mnunuzi akiwa amesimama. Mzee alishuka polepole. Akasema kwamba yeye ametia maneno njiani, na si neno moja, kwa hiyo hana haki ya kutoa kauli. Msomi aseme mwenyewe kuhusu gari lake. Nilimchukia kwa dakika moja. Baadaye nimeelewa kwamba hakuwa na namna: angesema gari ni zima, wangemuuliza mbona linapitwa, na jibu halikuwa lake.

"Gari ni zima," nikasema. "Halijawahi kuumwa. Aliyekuwa akiniangalizia njia ni mke wangu. Aliniacha tangu mwaka jana, na kiti kile hakina mtu."

Mmoja alitema mbegu ya chungwa, akaifukia kwa kiatu. Kisha wa Buzebazeba akakohoa.

"Basi zile mara nilizokupita, kaka, usizihesabu. Mimi nilidhani nashindana na Mjerumani. Kumbe ni mtu amefumba macho."

Mnunuzi alitoa bei ya haki na tukamalizana. Aliniomba nimsindikize hadi Mwandiga ili nimwelekeze tabia za gia, nami nikazunguka kwa mazoea hadi mlango wa kushoto, nikamkuta amekwisha kukaa. Ikabidi nipande kulia.

Katika miaka yote ile sikuwahi kukaa kiti kile. Nilishangaa jinsi kilivyo karibu na hatari. Kila kinachokuja kinakujia wewe kwanza: basi, pikipiki yenye magunia, lori linaloshuka. Dereva yuko salama upande wake wa mtaro, anangoja neno lako. Nikakumbuka ni mara ngapi mke wangu aliniambia bado, nami nikamfokea kwamba ananichelewesha, kwamba njia imejaa hofu zake mwenyewe. Nilimkabidhi kazi ya kuogopa kwa niaba yetu wote wawili, kisha nikamlaumu kwa kuogopa. Sidhani kama aliondoka kwa sababu ya barabara. Lakini sijui pia ni mahali pangapi pengine nyumbani mwetu nilikuwa nimemkalisha kiti cha namna hiyo.

Kabla ya Mwandiga tulilifikia lori la mchanga. Mnunuzi alisogea karibu nalo, hamu ya kulijaribu gari ikimwasha miguu.

"Kaka, njia nyeupe?"

Nikatazama. Mbali sana, chini ya mteremko, palikuwa na pikipiki moja ndogo kama nzi, na nafasi ya kupita ilikuwepo, tena ya kutosha.

"Bado," nikasema.

Akangoja. Pikipiki ikaja, ikapita, barabara ikabaki tupu hadi kwenye nyumba za kwanza za Mwandiga. Akauliza tena, na mimi, mikono ikiwa imeukamata mkanda, nikamwambia bado.