Chumba cha Chini kwa Theone

Mafuriko yalipoondoka kijijini kwao, kando ya mto kule Louisiana, Odalie Dugas aliikuta nyumba yake imenusurika, akamshukuru Mungu. Shukrani hiyo haikudumu. Nyumba ya mdogo wake Theone, hapo jirani, iliharibika zaidi ya nusu ya thamani yake, na sheria ya maeneo ya mafuriko ilikuwa wazi: nyumba ya namna hiyo haipati kibali cha ukarabati mpaka iinuliwe juu ya nguzo kupita kimo cha maji. Serikali ikachangia gharama, nyumba ya Theone ikainuliwa. Odalie, ambaye hasara yake haikufika nusu, alipewa kibali cha kupigilia mbao mpya palepale chini.

Basi kila asubuhi akawa anainua shingo kumtazama Theone barazani, juu ya nguzo, akinywa kahawa huku upepo ukimpepea.

"Malkia huyo!" alisonya. "Mtu anaharibikiwa, halafu anazawadiwa!"

Siku moja akaona mafundi wanazungushia kuta kati ya nguzo za Theone. Kitanda kikaingizwa. Hapo Odalie akachangamka. Chini ya nyumba iliyoinuliwa unaruhusiwa kuweka gari, si kulaza mtu. Hilo kila mtu pale alilijua. Akaenda moja kwa moja ofisi ya vibali.

"Jina langu lisitajwe," alimwambia mkaguzi, "lakini kuna mtu anajenga chumba cha kulala mahali pa maji."

Mkaguzi akaja, akapima, akaamuru kuta zibomolewe.

Jioni Theone akaingia kwa Odalie na bakuli la supu ya bamia na kamba, macho yamemvimba.

"Dada, wamekivunja chumba chako."

"Changu?"

"Si magoti yako hayapandi ngazi? Tangu nyumba iinuliwe hujala kwangu hata Jumapili moja. Nikasema nikutengenezee pa kulala hapo chini, uwe karibu nami. Sijui ni mwanaharamu gani amenichongea."

Odalie akalisogeza bakuli kando.

"Watu wana roho mbaya," ndilo lililomtoka.

Jumapili alizipanda zile ngazi, akipumzika kila baada ya hatua chache, Theone akimvuta mkono. Barazani akaketi akihema. Mto wote ulionekana, na paa lake mwenyewe, huko chini.

"Kumbe raha yote hii ulikuwa unaila peke yako!"

"Ulikuwa unanionea wivu, dada?"

"Hata sasa."

Theone akacheka mpaka akajipiga mapaja. Odalie hakucheka.