Mzigo Unaopumua

Kabla ya kuanza kusafirisha vifaranga, Swaumu Haji alikuwa wakala wa vifurushi pale stendi ya mabasi ya Masasi. Alipokea magodoro, vioo vya madirisha vilivyoviringishwa kwa mablanketi, vipuri vya trekta, na mara moja keki ya harusi iliyosafiri kutoka Dar es Salaam ikiwa mapajani mwa kondakta. Alijua basi lipi huwahi na dereva yupi husimama kila penye mahindi ya kuchoma. Kwa hiyo vikundi vya akina mama wa Newala walipotafuta mtu wa kuwaratibia mradi wao wa kuku chotara, hawakuhangaika. Walimfuata yeye.

"Jamani, mimi kuku namjua akiwa kwenye sufuria," aliwaambia.

"Kufuga tutafuga wenyewe," wakamjibu. "Wewe tufikishie tu."

Akakubali. Mumewe, Faridi, alikuwa na kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, na alikiendesha polepole kama mtu aliyebeba uji. Mpango ukawa mwepesi. Vifaranga watoke Dar es Salaam kwa basi la usiku wakiwa na umri wa siku moja, washushwe Masasi asubuhi, Faridi awapandishe Newala, na huko kila kikundi kichukue maboksi yake. Swaumu aliwapanga kama alivyozoea kupanga magodoro.

Mzigo wa kwanza ulifika kama ulivyoahidiwa, na jioni ile alikula kwa raha. Lakini ulikuwa wakati wa kipupwe, na kule juu kwenye uwanda wa Newala upepo wa kipupwe haubishi hodi. Kikundi cha Makote walikuwa mazikoni. Jirani alipokea maboksi akayaweka barazani. Kijiji kingine mkaa wa kuwapasha joto ulikuwa bado haujanunuliwa. Kwingine banda lilikuwa na mianya ya kupitisha mkono. Kulipokucha simu zikaanza kuingia, na kila aliyepiga alikuwa na msiba.

Akapanda mwenyewe hadi Makote. Mwenyekiti wa kikundi, mama mmoja kijana aitwaye Pendo, alimfunulia boksi. Vifaranga walikuwa wamerundikana kwenye kona moja, wamelaliana, wamekauka.

"Mzigo ulifika," Swaumu alisema. Ndilo neno pekee lililomjia.

Pendo alikuwa na uchungu, na mwenye uchungu hachagui maneno. "Ulifika, ndiyo. Lakini dada Swaumu, mtu ambaye hajawahi kulea atajuaje kitoto kinataka nini?"

Wenzake wakainamisha macho. Kule kila mwanamke wa makamo ni Mama fulani, na Swaumu, miaka yote ya ndoa yake, alikuwa amebaki dada tu. Alishika jembe, wakachimba shimo nyuma ya banda, wakafukia pamoja, kisha akaaga.

Njiani alimsimulia Faridi. Faridi alisogeza gari pembeni akazima injini.

"Basi tumeambiwa wote wawili," alisema. "Usilibebe peke yako."

Hapo ndipo Swaumu alipolia.

Kwa siku kadhaa hakwenda stendi. Alilala akilipitia jambo lile toka mwanzo hadi mwisho, na kila mara alikwama palepale: safari yote ilikwenda vizuri, barabara, basi, gari, saa. Kilichokosekana kilikuwa mwisho wa njia, kwenye mlango ambao yeye hakuwahi kuufungua. Godoro hulipanga kuanzia kwa anayetuma. Kiumbe kinachopumua hukipanga kuanzia kwa anayepokea, ndipo urudi nyuma hatua kwa hatua mpaka ulifikie basi.

Akavaa kandambili akapanda tena uwandani, safari hii mikono mitupu. Aliingia nyumba hadi nyumba. Alipiga magoti ndani ya mabanda, akaweka kiganja sakafuni kusikia ubaridi, akaziba mianya kwa udongo pamoja na wenyewe. Alitaka kila kikundi kiwe na mpokeaji wa pili, maana msiba hauna miadi. Mkaa na maranda ya kutandika vikatangulia kupanda. Akasema pia kwamba hakuna kifaranga atakayetoka Dar es Salaam mpaka kila nyumba iwe imewasha jiko na kulala nalo usiku mmoja, ili waone kama joto linakaa.

Jambo la mwisho alijiwekea yeye mwenyewe. Stendi ilikuwa imemfundisha kumwambia mteja "gari liko karibu" hata kama gari halijulikani liliko. Aliapa kuacha.

Kiapo kile kilijaribiwa mapema. Mzigo wa pili ulipokuwa njiani, kondakta alipiga simu alfajiri: basi limeharibika karibu na Ndanda, fundi anasubiriwa. Swaumu wa zamani angekaa stendi akingoja. Huyu wa sasa alimwamsha mumewe.

"Twende tukawachukue."

Faridi alitandika mablanketi ndani ya kirikuu, akafunga turubai huku akiacha upenyo wa hewa. Walilikuta basi limeegeshwa kando ya barabara kuu, abiria wameketi kwenye nyasi, na ndani mle sauti nyembamba za vifaranga zikiita zote kwa pamoja. Waliyahamisha maboksi moja moja. Swaumu akapanda nyuma, akakaa katikati yake, kila mara akiingiza mkono kupima joto. Alipiga simu kwa vikundi vyote akasema lile lile: "Tumechelewa. Basi limeharibika, tumewafuata wenyewe. Punguzeni mkaa, msizime."

Walipita Masasi bila kushuka. Lakini kabla ya kuuanza mlima wa Newala wakakuta foleni. Barabara ilikuwa imekatwa ili kupitishiwa kalavati, na msimamizi wa kazi akawaambia kwa upole kwamba magari yatapita jioni. Upepo ulikuwa umeanza. Sauti za kwenye maboksi zilikuwa zimepungua, na ukimya ule ulimtisha Swaumu kuliko makelele.

Alilitazama jina la Pendo kwenye simu kwa muda kabla ya kulibonyeza.

"Pendo, sitakudanganya. Barabara imekatwa. Tutapita jioni, na sijui kama watavumilia baridi."

"Mko upande gani wa shimo?"

"Wa chini."

"Msiondoke hapo."

Jua halijapinda sana, bodaboda zikaanza kuonekana ng'ambo ya shimo, moja nyuma ya nyingine, kila moja imempakia mama mwenye kitenge cha ziada begani. Msimamizi alipoelewa ni nini kilichomo, alipuliza filimbi, mtambo wa kuchimbia ukanyamaza, na vijana wake wakatandika mbao juu ya mtaro. Maboksi yakavuka mkono kwa mkono. Akina mama waliyafunga kwa vitenge, wakayaficha ndani ya masweta, wakapanda bodaboda wakiwa wameyakumbatia. Pendo alivuka hadi upande wa chini. Alikuwa na dumu la maji ya moto lililovishwa soksi nzito ya sufu, akalipachika katikati ya maboksi mawili ya mwisho.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, mwanangu. Nenda, nenda, usikae kwenye upepo."

Walikufa baadhi, lazima lisemwe. Lakini wengi waliishi, na Swaumu alipopanda kuwaona, Makote nzima ilikuwa na harufu ya maranda na mkaa. Pendo alimwingiza kwenye kinengunengu, uzio wa mviringo wa kulelea vifaranga, wakachuchumaa pamoja kwenye joto.

"Lile neno nililokwambia," Pendo alianza, "linanikaba mpaka leo."

"Lilikuwa na ukweli ndani yake."

"Hapana. Lilikuwa na hasira tu. Nisamehe." Alichukua kifaranga mmoja akamweka kwenye kiganja cha Swaumu. Kifaranga alizunguka mara moja, akakunja miguu, akasinzia. Swaumu alikaa vile mpaka mguu ukafa ganzi, hakuthubutu kujisogeza.

Siku hizi vikundi vya Lukuledi navyo humpigia simu, na kila mzigo humkuta amekwisha kufika kwenye milango ya wapokeaji kabla ya basi kuondoka Dar es Salaam. Hata hivyo, katika kila safari hupatikana wachache wanyonge, wasioweza kupanda mlima siku hiyo. Mwanzoni aliwalia. Kisha Faridi, bila kuulizwa, akawajengea kijibanda nyuma ya nyumba yao Masasi, akakiwekea jiko la udongo.

Asubuhi moja, baada ya swala, Swaumu alimkosa mumewe ndani akatoka kumtafuta. Alimkuta amepiga magoti kibandani, kofia bado kichwani, anachochea makaa kwa kijiti. Alikuwa akiwasemesha vifaranga kwa Kiyao, taratibu, lugha aliyokuwa akiitumia na mama yake tu.

Swaumu alivua kanga ya begani, akaikunja, akaiweka chini, akapiga magoti kando yake.