Kofia ya Kuogea na Jina la Bibi Felista

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa niliwaleta zimamoto katikati ya ibada ya marehemu, na kwa miaka ishirini na sita niliamini kwamba siku hiyo nilimfukuza bibi yangu kanisani na kuifanya familia yangu ikataliwe kibali cha kuishi Sweden. Ni mzigo mkubwa kwa mtu ambaye wakati huo hata baiskeli alikuwa hajui kuendesha.

Tuliishi mtaa wa Fisksätra, ghorofa ya pili, mimi, mama na bahasha tuliyokuwa tukiisubiri. Ombi letu la kibali lilikuwa "linashughulikiwa", neno ambalo Waswidi hulitamka kwa upole mwingi mno, ukachukua mwaka mzima kugundua kwamba hujaambiwa kitu. Februari ile Bibi Felista, mama yake mama, alifariki Moshi. Mama hakwenda kumzika, kwa sababu angetoka asingeruhusiwa kurudi. Alikaa jikoni akasikiliza nyimbo za mazishi kwenye simu mpaka kadi ikaisha, kaburi likiwa bado wazi.

Mlango wa pili aliishi Siranushi, mama mtu mzima wa Kiarmenia aliyefika Sweden kabla yetu na kwa hiyo alizijua foleni zote. Mimi nilimwita Anti. Yeye na mama waliongea Kiswidi chao wenyewe, kilichosaidiwa sana na mikono. Jumuiya ya Waarmenia haikuwa na jengo. Iliazima kanisa la Waswidi, vituo vinne kwa treni, na aliyelisafisha kanisa hilo alikuwa mama. Jumapili hapakuwa na wa kuniangalia, basi nami nilikwenda, nikasimama kwa muda wa karibu saa tatu kati ya wanawake waliojitanda mitandio ya lesi, pazia la altare likifungwa na kufunguliwa, padri akiimba kama anayegombana na mtu anayempenda.

Jumapili ile ya Pasaka, baada ya ibada, tulikwenda ukumbini kugonganisha mayai. Yalikuwa mekundu, yamechemshwa na maganda ya vitunguu. Anti alinipasulia matatu mfululizo, akacheka bila huruma, kisha akamgeukia mama.

"Dada, kesho ndiyo siku yao."

Alieleza kwamba wafu hushuka Jumamosi ya Pasaka wakakaa na watu wao mpaka Jumatatu. Jumatatu padri hufukiza ubani na kusoma majina. Anayesikia jina lake huondoka akiibariki nyumba.

"Na asiyelisikia?" mama akauliza.

"Anaondoka kimya." Anti alimenya yai lake. "Halafu nyumba itakiona."

"Mama yangu hajui Kiarmenia."

"Ubani anaujua?"

"Anaujua. Lakini Sweden hajawahi kufika."

"Atafika. Wao hawaombi viza."

Mama alicheka, mara ya kwanza tangu Februari. Anti akachukua kipande cha karatasi, akaliandika jina la Bibi kwa herufi zao, zile zinazofanana na ndoano, akakiweka kwenye kikapu cha padri.

Tatizo lilikuwa moshi. Kengele za moshi zilikwisha kulia mara mbili mwaka ule, na kamati ya jengo ilibandika ilani mlangoni. Niliisoma mimi, kwa sauti, kwa niaba ya watu wazima wote. Kwa kifupi, ubani uliruhusiwa, moshi haukuruhusiwa. Mama ndiye aliyepata ufumbuzi. Kabla ya kila ibada alizivalisha kengele kofia za plastiki za kuogea, kwa mpini wa ufagio, na baada ya ibada akazivua. Kila mtu alijua, na kwa kuwa kila mtu alijua, hapakuwa na wa kuambiwa.

Isipokuwa mimi. Mimi sikuwa nimewahi kuinua macho.

Wiki tatu kabla, askari wa zimamoto walikuja shuleni kwetu. Walitupa beji. Walituambia kwamba nyumba nyingi huungua kwa sababu mtu mjinga amefunika kengele ya moshi, na kwamba mtoto mwerevu akiona hivyo, hachelewi. Jumatatu ile, nikitoka msalani, niliiona kengele ya ujia mdogo, kando ya chumba ambamo shemasi aliwashia makaa ya chetezo. Ilikuwa imevaa kofia ya waridi yenye maua. Kofia yetu, ya bafuni kwetu! Niliburuta kiti, nikapanda, nikaivua, nikaikunja vizuri na kuitia mfukoni. Nilirudi kusimama karibu na mama nikijiona raia kamili, jambo ambalo serikali ilikuwa bado inalifikiria.

Padri alikuwa amekwisha anza majina. Anti alimminya mama kiwiko.

"Bado watatu," akanong'ona.

Shemasi akaenda kuongeza makaa. Kengele ikalia.

Tulitolewa wote nje, kwenye maegesho, theluji ya Aprili ikidondoka juu ya mitandio. Zimamoto walikuwa waungwana sana. Mkubwa wao alitoa fomu.

"Nini kilikuwa kinaungua?"

"Ubani," shemasi akasema.

"Kwa ajili ya nini?"

Shemasi alimtazama padri. "Ya wafu."

Yule bwana akaandika. Mpaka leo ningelipa kuona aliandika wapi.

Tuliporuhusiwa kurudi, Waswidi walikuwa na ubatizo. Majina hayakumaliziwa. Mama aliuliza mara mbili yameishia kwa nani. Anti alimfunga vifungo vya koti. Siku ya tisa bahasha ikaja: tumekataliwa. Anti alisimama mlangoni kwetu, akaisoma, akapiga ishara ya msalaba. Ile kofia nilitembea nayo kwenye begi la shule hadi Juni kwa sababu sikujua ni takataka za aina gani, na huku kila aina ina pipa lake.

Rufaa ilichukua miaka mitatu, tukapata kibali. Siku hizi mimi nafanya kazi manispaa. Bahasha sasa nazituma mimi. Na ndiyo maana, mwaka huu katika Kwaresima, nilifanya lile ambalo mtu yeyote nchini hapa anaweza kufanya: niliomba faili letu. Uamuzi wa kutukataa ulisainiwa Jumatano kabla ya Pasaka. Siku tano kabla ya kofia. Ulikaa juu ya meza ya mtu, ukisubiri sikukuu ziishe.

Nilikwenda kwa mama na karatasi mkononi, nimekasirika, sijui kwa nani.

"Mama, ile kofia niliivua mimi."

"Najua. Niliikuta kwenye begi lako."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema nini? Mimi ndiye niliyeifunika kengele ya kanisa. Nikajua ni mimi niliyetukosesha kibali." Akanyoosha mkono. "Soma tena hiyo tarehe."

Nikasoma. Akanisomesha mara ya tatu.

"Kabla ya Pasaka," akasema polepole. Kisha: "Lakini jina halikusomwa."

Hilo hakuna faili linaloweza kulirekebisha. Tulikwenda Jumatatu ya Pasaka, kanisa lilelile la kuazima. Siku hizi kofia hazihitajiki, kuna fomu: kengele hulazwa usingizi kuanzia saa nne mpaka saa sita kamili, wala si dakika moja zaidi. Padri mpya hana haraka. Saa sita kasoro dakika nane alisoma "Siranushi", maana Anti naye sasa yumo orodhani, na baada yake, kwa lafudhi ambayo Bibi asingejali, "Felista". Mama hakulia. Aliinua uso akaikodolea macho kengele ya dari mpaka padri alipomaliza.

Sijui kama wafu hushuka. Tulichokiona nyumbani kwetu nakijua: watu wawili, meza moja ya jikoni, kila mmoja akijihukumu kimya kimya kwa barua iliyokuwa imekwisha sainiwa, na hakuna aliyemuuliza mwenzake. Miaka ishirini na sita. Jina lenyewe lilichukua muda wa pumzi moja, na hilo bado linaniudhi.