Pindo la Vidole Vinne

Nimeshona sare za shule miaka kumi na tisa, na siri ya kazi ni pindo. Mtoto hukua, kitambaa hakikui. Sketi ya binti yangu naiachia pindo la vidole vinne; kila mwaka nafumua, nashusha, napiga pasi. Ukitazama vizuri utaona mistari ya mapindo ya zamani, na wenzake darasani wanatazama vizuri mno.

Sketi ya mtoto wa mdogo wangu haina mstari hata mmoja. Mdogo wangu anafanya kazi za ndani ng'ambo, mtoto kaniachia mimi, na kila muhula anatuma pesa: ada ya shule ya kulipia, basi linalopiga honi mlangoni, sare mpya. Watoto hawa wamepishana miezi mitatu, wanalala kitanda kimoja. Asubuhi wa mdogo wangu anapanda basi, wangu anakula vumbi lake. Na wangu ndiye mwenye kichwa cha hesabu! Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi mwenyeji sikupona, niliumwa na wivu, sifichi.

Siku moja mdogo wangu akapiga simu. "Dada, shuleni kwa mwanangu kuna nafasi ya bweni. Aende, au abaki kwako? Wewe ndiye mlezi, sema."

"Aende," nikasema bila kupepesa macho.

Nikamshonea sare ya bweni, nikakata kitambaa kifupi kabisa. Pindo la nini? Mwenye kutumiwa atashonewa nyingine.

Alipoijaribu, akainama kupapasa ukingo. "Mama mkubwa, mbona yangu haina pindo?"

"La kazi gani? Si mama yako atatuma?"

"Ya dada unaishusha kila mwaka. Unapiga magoti, unamwambia, 'Geuka, we mtoto, umerefuka lini?' Mnacheka. Mimi unanipima mara moja, basi." Akaangalia chini. "Huwa namwonea wivu."

Nilikuwa na pini mdomoni. Nikazitema, nikachukua simu.

"Mwache abaki," nikamwambia mdogo wangu.

"Jamani, dada! Bweni nimeshalipia jana, na pesa hawarudishi."

Nikapiga magoti mbele ya mtoto, nikashika ukingo wa sketi.

"Geuka," nikamwambia. "We mtoto, umerefuka lini?"

Akageuka polepole, mara mbili, na hapakuwa na kitu cha kushusha.