Historia ya Kazi, na Bibi Yangu Shambani

Nilikuwa mkalimani wa Dokta, mtafiti wa historia, kwa siku nne, na siku tatu za kwanza nilijiona nimeshafika chuo kikuu. Mimi niliyeishia kidato cha nne, nakaa kiti cha mbele cha gari, daftari mapajani! Dokta alikuwa anaandika kitabu cha historia ya wafanyakazi: wanaume wa Umatengo waliokwenda Tanga kukata mkonge, wale vibarua wa mkataba walioitwa manamba. Wazee wa kijiji cha Mapera walisimulia mpaka makoo yakakauka, nami nikageuza Kimatengo kuwa Kiswahili, moyo wangu juu juu.

Nilitaka jambo moja tu: bibi yangu aingie kwenye kitabu kile. Babu alikaa kwenye mkonge miaka mingi, bibi akabaki na watoto na mlima. Dokta akakubali, ila iwe asubuhi ya mwisho, kwani mchana tungeshuka ziwani, Lituhi. Ziwa nalo nilikuwa nalitamani.

Hapo ndipo nilipokosea. Asubuhi ile wanawake wa ukoo walikuwa wanamlimia bibi ngolo kwa kusaidiana. Ngolo ni mashimo yetu ya mteremkoni: nyasi zinapangwa miraba, udongo wa katikati unachimbwa na kufunika nyasi hizo, hapo juu yake ndipo panapopandwa. Nikaona vizuri, tutawakuta wote pamoja. Tukafika mikono mitupu. Na kwetu, kwenye kazi kama ile, anayesikilizwa ni aliyeshika jembe.

"Shikamoo bibi."

Bibi alikuwa anapanga nyasi. Hakuinua uso. Shangazi ndiye aliyejibu.

"Umetuletea mtu wa kututazama makalio?"

Wakacheka, kicheko kikavu. Dokta akasogea na kinasa sauti chake, akakanyaga tuta bichi, likamomonyoka.

"Toka hapo!" shangazi akafoka. "Baba yako ndiye aliyechimba?"

Sikuitafsiri hiyo. Dokta akaniambia, "Waulize: mama huyu, mume wake alipokuwa kazini, yeye alikuwa anafanya nini?"

Nikauliza. Shangazi akatema mate pembeni.

"Mwambie mama alikuwa amelala."

Nikatafsiri huku nacheka, maana kejeli ilikuwa wazi hata kwa mtoto. Dokta hakucheka. Akaandika. Bibi akaiona kalamu inakwenda.

"Ameandika nini huyo?"

"Ameandika ulikuwa umelala, bibi."

Majembe yakasimama. Bibi akajinyoosha taratibu, fungu la nyasi mkononi, akanitazama mimi, si Dokta.

"Muulize huyo: babu yako aliporudi alikula nini? Muulize mlima huu uliokuwa umechimbwa mpaka juu, ulichimbwa na nani. Mimi nikiwa na mimba, na shangazi yako huyo mgongoni. Muulize."

Nikaeleza yote. Dokta akazima kinasa sauti.

"Mwambie nimemwelewa, lakini hicho ni kilimo cha nyumbani. Mimi natafiti kazi."

Hayo sikuyatafsiri.

"Anasemaje?" bibi akauliza.

"Anasema tunachelewa Lituhi."

Nikamfuata Dokta mpaka kwenye gari. Nikamwomba basi afute lile neno la kulala. Akaniambia, kwa upole kabisa, kwamba mtafiti hafuti neno la msimulizi. Upole ule uliniuma kuliko mate ya shangazi. Nikamrudishia daftari alilonipa siku ya kwanza.

"Lituhi watakuelewa kwa Kiswahili, Dokta. Nenda tu."

"Utajuta," akasema, akawasha gari.

Niliporudi shambani hakuna aliyenishangilia. Shangazi akanirushia jembe, akanionyesha sehemu yenye mawe.

"Msomi, chimba."

Nikachimba mpaka viganja vikatoka malengelenge. Wakati wa kula waliketi, wakapiga soga, hakuna aliyeniita. Nilikaa peke yangu pembeni, machozi karibu. Baadaye bibi akanisukumia bakuli la maharage bila kunitazama, akaanza kumsimulia shangazi, kwa sauti kubwa kidogo kuliko ilivyohitajika, mwaka aliolima upande ule wa mto akiwa peke yake.

Sikuwa na kalamu. Nikatafuna polepole, nisipitwe na neno.